Kwa Mkapa hatoki mtu, isipokuwa Bwana Themanini

Swali la msomaji:

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni Mnyama damu damu, nakaa Mbezi Luis. Simba ikicheza nyumbani kwa Mkapa lazima niwepo, lakini ikifika dakika ya 80, ikizidi sana 85, nanyanyuka niwahi usafiri, maana saa 11 alfajiri natakiwa niwe nimeshaamka. Wenzangu wa tawini wamenipachika jina, wananiita Bwana Themanini. Wanadai watu kama mimi ndio tunaowavunja nguvu wachezaji, na kwamba shabiki wa kweli anatoka na kipyenga cha mwisho. Ni kweli kutoka mapema kunaiumiza timu, au ni maneno ya kijiweni? Na kama ni kweli, mtu wa Mbezi afanyeje?"

Jibu:

Ndugu yangu wa Mbezi, salama kabisa. Nyinyi wenyewe ndio mlioitangazia Afrika kwamba kwa Mkapa hatoki mtu, kwa hiyo sishangai tawi kukucheka. Timu yangu nitaificha kama ninavyoificha kazini, maana kazi yenyewe ni kusimamia watu siku za mechi: milango, ngazi, njia za kutokea. Wengine wakitazama mpira, mimi nimeupa mgongo, macho yako majukwaani. Watu wa aina yako nawafahamu kuliko ninavyoyafahamu mabao.

Nikujibu moja kwa moja. Inategemea ubao wa matokeo unasomekaje wakati unanyanyuka. Ukitoka Simba inaongoza tatu bila, hujamuumiza mtu. Ukitoka mnadaiwa bao moja, au mko sare mechi ambayo lazima mshinde, wenzako wa tawini wana hoja, na nitakuonyesha hoja yenyewe iko wapi. Ila kuna jambo wamelipita bila kuliona: wanakulaumu wewe kwa uamuzi ambao sehemu kubwa umefanywa na barabara.

Chukua hesabu ndogo. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Waingereza, ambao wamezika watu wengi viwanjani ndipo wakajifunza, wana mwongozo wa usalama unaotaka watu waweze kutoka kwenye viti hadi nje ya njia za jukwaa ndani ya dakika 8 hivi. Humo wanahesabu watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana wa njia tambarare, na 66 kwenye ngazi. Maana yake uwanja uliojengwa vizuri unamwaga watu haraka sana. Sasa njoo nje ya geti. Tuseme kati ya watu hao elfu sitini, elfu ishirini wanategemea daladala. Coaster moja, ikijaza kwa staili ile tunayoijua, ibebe watu 50. Hizo ni safari 400. Hakuna njia yoyote ya Dar es Salaam yenye Coaster 400 zilizopanga foleni saa 3 usiku zikisubiri mashabiki. Kwa hiyo ndani ya uwanja watu wanaisha kwa dakika, na nje wanaisha kwa masaa. Aliyewatangulia wenzake kwa dakika kumi getini anaweza kuwatangulia kwa saa nzima kufika nyumbani, hasa mtu kama wewe ambaye ukifika Ubungo unatafuta gari la pili.

Hiyo ndiyo sababu unanyanyuka, na haina uhusiano wowote na mapenzi yako kwa timu. Ukikaa nilipokaa mimi utawaona wanaotangulia ni akina nani. Mwenye hasira na kocha huwa habanduki. Huyo anabaki mpaka mwisho ili apate la kuzungumza. Wa kwanza ni baba mwenye mtoto aliyeshaanza kusinzia. Kisha akina mama na mabinti waliokuja bila gari, ambao hawataki kukutwa kituoni saa 4 usiku, na sijawahi kusikia tawi likiwaelewa hao. Kisha wenye magari walioegesha kwa kuzibana. Kisha watu wa zamu za usiku na za alfajiri, kama wewe.

Tena hawatoki ghafla. Mtu ataanza kukunja bendera kwenye mti wake, vuvuzela linaingia begini, mkono unapapasa mfuko kuhakikisha nauli ipo. Halafu anahamia mwisho wa mstari. Halafu anasimama kwenye mdomo wa njia ya kutokea, upande upande, bega moja liko kwa Mkapa na jingine limeshaelekea Mbezi. Ikipigwa kona, anasimama. Kipa wa wageni akilala chini kushika paja, anaondoka. Nimeshaona watu wakikaa pale mlangoni dakika kumi nzima kwa mtindo huo, hawajatoka wala hawajabaki, wanawazibia njia wale waliokwisha kuamua.

Tatizo ni kwamba mbinu yako imeshajulikana. Zamani aliyetoka dakika ya 85 alikuta njia nyeupe. Siku hizi dakika ya 85 ndiyo wimbi lenyewe linapoanza: unakutana na maelfu ya akina Bwana Themanini wenzako, wote mnakimbilia Coaster zilezile. Faida imeliwa. Ili kulitangulia wimbi sasa itabidi utoke dakika ya 75, na wenzako wakishtuka watatoka ya 70. Mkikimbizana hivyo mwisho mtakuwa mnaondoka wakati wa mapumziko.

Nisisahau upande wa pili wa geti. Waliokua enzi za Shamba la Bibi, yaani Uwanja wa Uhuru pale jirani, wanakumbuka fungulia mbwa: dakika za mwisho milango inaachiwa, na vijana waliokosa kiingilio wanaingia kwa kasi kushuhudia zilizobaki. Kwa hiyo mwenye tiketi anatoka akitazama saa, na mtoto wa Temeke asiye na senti anaingia akikimbia kwa ajili ya dakika zilezile. Viwanja vya Uingereza navyo viliwahi kuwa na desturi hiyo, na kuna vizazi vya mashabiki wa huko vilivyouona mpira mara ya kwanza kwa njia hiyo.

Na dakika zenyewe hazijabaki zilezile. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 FIFA iliwaagiza waamuzi wahesabu muda wote uliopotea, na mechi ya Uingereza na Iran ikafikia zaidi ya dakika 20 za nyongeza ukijumlisha vipindi vyote viwili. Tangu hapo ligi nyingi zimefuata mkondo huo kwa kiasi chake. Kuna mabadiliko ya wachezaji watano, kuna VAR, yaani waamuzi wa video, kwenye mashindano makubwa, kuna makipa wetu wanaolala. Ukitoka dakika ya 80 ukidhani umebakiza kumi, pengine umeacha kumi na nane. Hiyo ni karibu sawa na kutoka dakika ya 72 kwa hesabu za zamani.

Halafu ni dakika zenye mabao. Ukizigawa mechi za ligi yoyote kubwa kwa vipande vya robo saa, kipande cha mwisho ndicho kwa kawaida kinachoongoza kwa mabao. Miguu imechoka, walioingia kutoka benchi wana pumzi mpya, anayedaiwa ameacha nyuma wazi. Watangazaji wetu wanaziita dakika za lala salama, lakini mabeki hawalali wala hawako salama.

Na wewe, kwa kuwa ni wa Simba, kesi yako ni mbaya zaidi. Tarehe 23 Desemba 2018, Nkana ya Zambia imekuja na ushindi wa 2-1 wa kwao Kitwe. Kwa Mkapa, wakati ule bado tunauita Uwanja wa Taifa, Simba inaongoza 2-1, jumla ni 3-3, kila mtu anapigia hesabu penalti. Dakika zinakaribia kwisha ndipo Clatous Chama anapiga kisigino, Simba inaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 16 Machi 2019, ni AS Vita ya Kinshasa. Simba inahitaji ushindi ili iende robo fainali, ubao ni 1-1 mpaka mwishoni kabisa, na Chama yuleyule, Mwamba wa Lusaka, anamaliza kazi. Desemba 2024 CS Sfaxien ya Tunisia ilikuwa imeshaanza kufungasha pointi yake moja, na Kibu Denis akafunga saa imeshapita dakika ya 95. Mechi tatu za Afrika, uwanja ni uleule, na kama tabia yako ni ile uliyonieleza basi katika zote tatu ulikuwa barabarani ukisikia kelele kwa nyuma.

Kuna na ile ya 20 Oktoba 2013 ambayo hata dakika ya 80 haihusiki. Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza tatu bila. Walioona aibu imetosha na kutoka mapumziko wakaja kusimuliwa na redio kwamba Betram Mwombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze wamerudisha zote tatu.

Najua utanijibu kwa 5 Novemba 2023, na ni haki yako. Siku ile Simba ndiyo ilikuwa mwenyeji, ikaenda mapumziko 1-1, na baadaye Yanga ikafunga manne kuanzia dakika ya 64. La nne lilipoingia dakika ya 77, mtu wa Msimbazi alibaki kufanya nini? La tano lilikuwa linakuja. Sitamlaumu aliyejitoa. Mpira ni starehe uliyoilipia, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kukaa kwenye msiba wake mwenyewe huku jirani anacheza.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe: timu inaumia?

Tuna ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza unatoka Hispania, ambako wachumi watatu walichunguza muda wa nyongeza uliotolewa na waamuzi. Wakakuta kwamba mwenyeji akidaiwa bao moja mechi inarefushwa, na akiongoza kwa bao moja inafupishwa. Mechi ikiwa imeshaamuliwa, tofauti kubwa ya mabao, upendeleo huo hauonekani. Mwamuzi hakuhongwa, ni binadamu aliyezungukwa na kelele. Ushahidi wa pili ni ule wa 2020, mpira uliporudi bila mashabiki kwa sababu ya korona, ukianza na Bundesliga, ligi ya Ujerumani, mwezi Mei. Faida ya kucheza nyumbani ilipungua waziwazi, na wageni wakawa hawaonyeshwi kadi nyingi kuliko wenyeji kama ilivyokuwa desturi. Viwanja vile vilikosa watu wote, havikukosa elfu tano waliowahi daladala, kwa hiyo usimruhusu mtu akuambie kwamba wewe peke yako umeigharimu Simba pointi. Lakini ukiunganisha hayo mawili unapata picha: kelele inafanya kazi zaidi mahali pamoja, kwenye masikio ya mwamuzi, na wakati mmoja, mechi ikiwa imebana na saa inakwisha. Ni wakati huohuo unaofunga begi.

Wachezaji je? Kwa Mkapa ni rahisi zaidi kuona watu wakiondoka kuliko viwanja vingine, kwa sababu viti vina rangi. Jukwaa likijaa huoni kiti, unaona nguo nyekundu tupu. Watu wakianza kutoka, rangi ya viti inachomoza, kwanza karibu na njia za kutokea, halafu inasambaa juu. Mchezaji anayesubiri kurusha mpira pembeni anaiona mbele ya macho yake.

Kocha aliyewahi kulisema hili hadharani, tena bila kuzunguka, ni Jürgen Klopp, na msimu wake wa kwanza Liverpool ndio darasa bora kuliko yote juu ya swali lako. Novemba 8, 2015, Crystal Palace wako Anfield, uwanja wa Liverpool. Scott Dann anafunga dakika ya 82, inakuwa 2-1 kwa wageni, na watu wanaanza kumiminika nje. Klopp alieleza baadaye kwamba aligeuka kutazama jukwaani akajiona yuko peke yake. Magazeti yalikazania maneno hayo, na watu wengi mpaka leo wanaamini aliwagombeza mashabiki. Alichoendelea kusema ndicho cha maana: kwamba toka dakika ya 82 mpaka ya 94 muda ni mwingi, na kwamba ni kazi ya timu kuhakikisha hakuna mtu anayethubutu kuondoka, kwa sababu lolote linaweza kutokea. Mzigo aliubeba yeye na wachezaji wake.

Desemba 13 Divock Origi akasawazisha dhidi ya West Bromwich Albion dakika ya 96, ikawa 2-2. Klopp akawapanga wachezaji wameshikana mikono mbele ya jukwaa la Kop kuwashukuru waliobaki. Wapinzani walicheka sana: mnashangilia sare na West Brom nyumbani! Mimi niliyeupa mpira mgongo nilimwelewa. Alikuwa anawalipa watu kwa kubaki. Ilipofika Aprili 14, 2016, Liverpool inadaiwa 3-1 na Borussia Dortmund kwenye robo fainali ya Europa League, ikihitaji mabao matatu, uwanja haukumwagika. Coutinho, Sakho, na Dejan Lovren dakika ya 91. Ikaisha 4-3.

Katikati ya hadithi hiyo kuna tukio ambalo watu husahau kuliunganisha. Februari 6, 2016, Liverpool inacheza na Sunderland, inaongoza 2-0, na dakika ya 77 mashabiki wapatao elfu kumi wananyanyuka kwa pamoja wanatoka. Hakukuwa na daladala ya kuwahi. Wenye timu walikuwa wametangaza bei mpya, tiketi ya juu kabisa kwenye jukwaa jipya ifike pauni 77, na vikundi vya mashabiki vikakubaliana kutoka dakika inayolingana na bei. Walipotoka, Sunderland ikafunga dakika ya 82 na ya 89. Mechi ikaisha 2-2. Klopp mwenyewe hakuwepo, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Siku chache tu baadaye wenye timu wakaomba radhi na kuufuta mpango ule.

Ndiyo maana nasema tawi lako limechanganya vitu viwili. Kuna kuwahi na kuna kususa. Ukivitazama kutoka uwanjani vinafanana: kiti ni kitupu. Kususa kwa Anfield kulieleweka kwa sababu kulitangazwa, kulikuwa na dakika na kulikuwa na dai. Kuwahi kwako hakuna dai lolote, ila mchezaji aliyekosa penalti nusu saa iliyopita hana njia ya kujua hilo. Yeye atachukulia umemsusia. Hapo ndipo wenzako wanapokuwa na robo ya ukweli.

Wapo wanaojaribu kuwabakisha watu kwa mitego. Chuo Kikuu cha Alabama kule Marekani, mwaka 2019, kilianzisha programu ya simu iliyofuatilia wanafunzi wako wapi wakati wa mechi za mpira wao wa kimarekani, na waliobaki mpaka robo ya mwisho wakapewa pointi za kuwasaidia kupata tiketi za mechi kubwa. Kwa maoni yangu huo ni ujinga wenye teknolojia. Wajerumani wamefanya jambo la akili zaidi: kwa klabu nyingi za Bundesliga, tiketi ya mechi ndiyo hiyohiyo nauli ya treni na basi za mji siku ile. Mtu akijua treni ipo na imeshalipiwa, hana haja ya kukunja bendera dakika ya 80. Klabu zetu zinauza jezi, zinauza tiketi kwa simu, zinatangaza vinywaji. Siku zitakapouza kiti cha Coaster pamoja na kiti cha uwanjani, utaona wenyewe majukwaa yalivyojaa dakika ya 90.

Kuna jambo moja sitaki ulichukulie mzaha, nalo ni ngazi. Januari 2, 1971, Ibrox, Glasgow, Rangers na Celtic. Celtic wanafunga mwishoni kabisa, Rangers wanasawazisha kupitia Colin Stein dakika za majeruhi, na watu 66 wanakufa kwenye ngazi namba 13 wakati wa kutoka. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba waliokuwa wameshaanza kuondoka walisikia shangwe la bao wakageuka kurudi, wakagongana na wanaoshuka. Uchunguzi ulikataa: watu walikuwa wanashuka upande mmoja, wengi kupita kiasi, mtu akaanguka na wengine wakamfuata. Moscow, Oktoba 20, 1982, Spartak wanacheza na Haarlem ya Uholanzi kwenye baridi ya kukata masikio. Mashabiki wanaanza kutoka mapema, wengi wakielekea ngazi ileile moja yenye utelezi wa barafu. Spartak wanapata bao la pili sekunde za mwisho, na kwenye ngazi hizo wanakufa watu 66 kwa hesabu ya serikali, idadi ileile ya Ibrox. Mfungaji, Sergei Shvetsov, alikuja kusema anatamani asingelifunga bao lile. Wasovieti waliificha habari kamili kwa miaka kadhaa.

Sisi wenyewe tulipoteza mtu mmoja na wengine kadhaa wakaumia kwa Mkapa Mei 28, 2023, wakati wa kuingia kwenye fainali ya Yanga na USM Alger. Ile ilikuwa kuingia, lakini geti halijui unaelekea wapi. Kwa hiyo ukiwa umeshaanza kushuka na ukasikia uwanja umelipuka, usigeuke. Usisimame kwenye ngazi kuchungulia simu uone nani kafunga. Shuka mpaka chini kwenye uwazi, kaa pembeni, ndipo ufungue simu. Na kama umembeba mtoto, tembea kando ya ukuta usiende katikati ya kundi. Haya nayasema kila mechi kwenye kipaza sauti na kila mechi kuna mtu anasimama kwenye ngazi ya tatu kumpigia shemeji yake.

Sasa, mtu wa Mbezi afanyeje. Mechi ya ligi ambayo mnaongoza kwa mabao mawili au zaidi, na una zamu ya alfajiri: toka, ila toka dakika ya 75 kweli kweli. Dakika ya 85 ndiyo uchaguzi mbaya kuliko wote, kwa sababu mpira umeukosa na foleni umeikuta. Mechi iliyobana, baki mpaka kipyenga, na kipyenga kikilia usinyanyuke. Kaa kitini dakika 20 au 30, chambua mechi na jirani yako, subiri wimbi lipite. Utafika kwako muda uleule au pungufu ya yule aliyesukumana getini, na hutakuwa umekanyagwa. Tiketi ukinunua mapema tafuta sehemu yenye njia ya kutokea karibu, upande wa barabara unayoitumia; watu hufikiria kuona goli tu, hawafikirii miguu yao saa 3 usiku.

Lakini dawa yenyewe iko tawini kwenu, kwa haohao waliokupa jina. Tawi lenye watu 30 wa Mbezi, Kimara na Kibamba halina sababu ya kugombania daladala. Kodini Coaster ya kwenda na kurudi, kila mtu achangie. Mkubaliane na dereva aegeshe nje kabisa ya msongamano, mbali kidogo mtembee, gari likiwa limeshageuza kichwa kuelekea Ubungo, na liondoke nusu saa baada ya kipyenga, si kabla. Orodha ya majina abaki nayo mtu mmoja asiyekunywa. Na dereva mlipeni nusu tu mwanzoni, nusu nyingine mkishashuka Mbezi, la sivyo Simba ikishinda na barabara ikajaa watu wenye furaha na nauli mkononi, mtatoka mkute ameshapakia wengine.